Ziara zimezuiwa, maradhi yamezidi: tunajibu barua zenu kuhusu Vyuo vya Mafunzo

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: jamaa aliye ndani na maradhi yanayomfuata huko. Kwa wasomaji wetu wa Bara, Chuo cha Mafunzo ndilo gereza kwa huku Zanzibar, na anayetumikia kifungo huitwa mwanafunzi. Majina ya waandishi na ya vyuo tumeyaacha, kwani wenyewe wangali na watu wao ndani.

Assalamu alaykum. Mwanangu ni mahabusu, kesi yake haijesha. Ilipoingia homa ya kukohoa tukazuiliwa ziara, hata chakula tukaambiwa tukiache getini. Hii wiki ya tano. Sasa nasikia chumba kizima kinakohoa. Ikiwa sisi wazee hatujatia mguu, kaingiza nani? (Mama, Wete)

Waalaykumu salaam, mama yetu. Watu wa ziara ndio wepesi kuzuiwa, ndiyo maana huzuiwa mwanzo. Lakini ukihesabu wote wanaovuka geti kwa wiki, nyinyi ni sehemu ndogo, tena hukaa muda mfupi. Hesabu waliobaki. Askari hupokezana zamu kila siku, na kila mmoja katoka kwake, kapanda daladala, kaswali jamaa. Mahabusu hupelekwa mahakamani na kurudishwa siku ile ile, baada ya kubanana garini na kwenye chumba cha kungojea pamoja na watu waliokamatwa jana. Wapya huingia kila polisi wanapokamata. Tena wapo wanaohamishwa chuo hadi chuo, na hao ndio wa kuogopwa zaidi.

Mfano unaojulikana sana ni wa gereza la San Quentin, California, Marekani. Ziara zilisimamishwa Machi 2020, na hadi mwisho wa Mei hakuna mfungwa aliyejulikana kuwa na korona. Tarehe 30 Mei wakaletwa kwa mabasi wafungwa 122 kutoka gereza lililoko Chino, ambako mripuko ulikuwa umeshapamba moto. Nia ilikuwa njema, kuwaepusha wenye afya dhaifu na hatari ya kule. Wengi wao walikuwa wamepimwa zaidi ya wiki 2 kabla ya safari, na kipimo cha wiki 2 nyuma kinakueleza habari za wiki 2 nyuma. Wakalazwa kwenye jengo ambalo milango ya seli ni ya nondo, pumzi inapita kama kawaida. Kufika mwisho wa Agosti zaidi ya wafungwa 2,200 walikuwa wameambukizwa. Wafungwa 28 walikufa, na mfanyakazi mmoja.

Kosa la pili ni la ndani zaidi, nalo tunaliona mara nyingi katika maelezo ya jamaa. Wapya hutengwa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine. Vyema. Lakini chumba cha kutenga huwa kimoja. Wakiingia watu 10 tarehe 1, kisha tarehe 12 wakaongezwa 3, wale 10 wa mwanzo hesabu yao imerudi siku ya kwanza, maana katika wale 3 huenda yumo mwenye maradhi. Wakiwatoa tarehe 15, wamewatoa watu waliolala siku 3 na mtu asiyejulikana hali yake. Dawa yake ni vyumba vidogo vingi badala ya kimoja kikubwa: chumba kijazwe kwa siku 2 au 3, kisha kisiongezwe mtu hadi siku zitimie. Akiugua mmoja, hutolewa yeye, na waliobaki huanza kuhesabu upya tangu siku aliyotolewa.

Siku 14 zenyewe zina mipaka. Zinatosha kwa korona na mafua makali. Tetekuwanga inaweza kungoja hadi siku 21 ndiyo ionekane, upele kwa mtu asiyewahi kuupata hadi wiki 6, na kifua kikuu kinaweza kulala mwilini miezi, hata miaka. Kwa kifua kikuu kutenga siku 14 ni kujidanganya. Kinachofaa ni kumuuliza kila anayeingia mambo manne: anakohoa, ana homa, anatoka jasho jingi usiku, amekonda bila sababu? Likipatikana "ndiyo" moja, makohozi yake yapimwe. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi, kwa hiyo sababu ya kumlaza na wengine wiki nzima akingoja majibu mara nyingi iko kwenye usafiri wa kikopo cha makohozi.

Kuhusu ziara, rai yetu ni kwamba zisifungwe moja kwa moja ila kwa siku chache za mwanzo wa mripuko. Ziara ya uwanjani, chini ya mwembe, watu wameachana mita 2, ina hatari ndogo kuliko gari moja la mahakamani. Na kwa jamaa wengi ndani, sabuni huja kwa mkono wa mama.

Mimi ni fundi ujenzi. Maradhi yakiingia nasikia wanafunzi hufungiwa vyumbani kutwa, hawatoki shamba wala uwanjani. Kwa akili yangu ni sawa, kila mtu abaki pahala pake. Nakosea wapi? (Fundi, Magomeni, Unguja)

Ungekuwa sawa kama kila mtu angekuwa na chumba chake. Kwenye chumba cha watu 40, kufunga mlango hakupunguzi hata mmoja. Huongeza saa za kuvuta hewa ile ile. Waliokuwa wakilala pamoja saa 12 sasa wanakaa pamoja saa 23.

Kwa kuwa wewe ni fundi, tukupe hesabu. Vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani saa kadhaa, surua hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Kinachoviondoa ni hewa kubadilishwa. Hewa ya chumba ikibadilika mara 12 kwa saa, asilimia 99 ya vilivyokuwa vikielea huondoka kwa dakika 23. Mara 6, dakika 46. Mara 2, dakika 138. Na hapo tumechukulia kwamba mwenye kukohoa ameshatoka, jambo ambalo kwenye chumba kilichofungwa halipo.

Upepo wa madirisha hukadiriwa hivi: zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo kwa sekunde, kwa ukubwa wa uwazi ulio mdogo kati ya pande mbili zinazotazamana, kwa 3,600, kisha gawa kwa ujazo wa chumba. Chukua chumba cha mita 10 kwa 6, kimo mita 3, yaani mita 180 za ujazo. Upande mmoja una madirisha makubwa, wa pili matundu ya nusu mita ya mraba tu, upepo ni nusu mita kwa sekunde. Unapata mita za ujazo 585 kwa saa, hewa kubadilika mara 3 na kidogo. Panua yale matundu yafike mita moja na nusu ya mraba: mita 1,755 kwa saa, karibu mara 10. Hujanunua feni, umetoboa ukuta tu. Fundi mwenzako aliyejenga madirisha makubwa upande mmoja peke yake alitupa pesa, kwa sababu hewa haiingii pasipo pa kutokea. Kwa kukadiria haraka, jumla ya uwazi unaofunguka isipungue asilimia 20 ya sakafu, na ugawike pande mbili zinazotazamana.

Sasa igawe kwa watu. Mita 585 kwa saa ni lita 162 kwa sekunde. Kwa watu 40 kila mmoja anapata lita 4. Mita 1,755 zinampa lita 12, ambazo zimevuka kidogo tu lita 10 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa majengo ya kawaida yasiyo ya kulala wala ya hospitali. Kwenye wodi za wagonjwa wanataka lita 60. Ukiwahamisha watu 20 kutoka chumba hicho, kila aliyebaki anapata lita 24, na nafasi ya kuwa na mkohozi humo imepungua nusu. Ndiyo maana tunasema wazi: kupunguza watu, hasa mahabusu wa makosa madogo wanaokaa ndani kwa kukosa mdhamini, kunashinda kila dawa ya kupulizia sakafuni.

Yanayoharibu hesabu hii ni madogo. Shuka hutundikwa dirishani kuzuia mvua au mbu, na uwazi unakuwa sifuri. Bora wavu na kibaraza cha kuzuia mvua. Dirisha la kusini linapata upepo wa kusi, Kaskazi ikiingia halipati kitu. Usiku upepo hutulia, nao ndio wakati watu wamejaa. Pima kwa kijiti cha udi: kiwashe katikati ya chumba saa 4 usiku, tazama moshi. Ukienda upande mmoja na kutoka, hewa inapita. Ukisimama wima na kutanda darini, ndivyo pumzi za watu zinavyotanda.

Kazi ya shamba na saa za uwanjani, kwa hiyo, ndizo za mwisho kuondolewa. Watoke kwa makundi ya chumba, kundi moja lisikutane na jingine, lakini watoke.

Mume wangu ni askari wa Chuo. Tuna mtoto wa miaka 2. Anaweza kutuletea maradhi nyumbani? (Mke wa askari, Kwahani)

Anaweza, kama anavyoweza kuyapeleka kutoka nyumbani. Hilo linajulikana karne nyingi. Mwaka 1750 homa iliyotoka gereza la Newgate ilipanda kizimbani kwenye mahakama ya Old Bailey, London, ikawaua Meya wa jiji na majaji wawili miongoni mwa wengi. Watu wakaamini ni harufu, wakajikinga kwa majani ya kunukia. Ilikuwa homa ya chawa. Charles Nicolle alithibitisha kwamba chawa wa nguo ndio wabebaji mwaka 1909, akapewa Tuzo ya Nobel 1928. Majani hayakumsaidia jaji yeyote.

Kinachomsaidia mumeo kinategemea maradhi. Kwa upele na chawa: sare zibaki kazini, au ziingie mfukoni kabla ya kumbeba mtoto, kisha zifuliwe peke yake. Kwa maradhi ya hewa sare si kitu, barakoa ndiyo muhimu, na hapa watu hukosea nani avae ipi. Barakoa ya kawaida ya hospitali avae anayekohoa, kwani inazuia matone yake yasitoke. Askari anayemsindikiza mkohozi ndani ya gari anahitaji N95, barakoa nzito inayochuja hewa anayovuta, iliyobana usoni. Ndevu nyingi huifanya ivuje pembeni. Vioo vya gari vishushwe, kiyoyozi kisiwashwe.

Akikohoa wiki 2 au zaidi, apime makohozi, asingoje kukonda. Akikutwa na kifua kikuu, mtoto wa chini ya miaka 5 hachelewi hata wiki: achunguzwe, na akionekana mzima apewe dawa ya kinga, kwa sababu kwa umri huo maradhi yanaweza kukimbilia ubongoni. Chanjo ya kifua kikuu (BCG) aliyochanjwa alipozaliwa inapunguza ubaya wa maradhi, haizuii kuambukizwa.

Tungeongeza la kiutawala: askari mmoja asizungushwe vyumba vyote kwa siku moja wakati wa mripuko, na siku ya ugonjwa isikatwe posho. Anayekatwa posho huja kazini na homa yake.

Mdogo wangu katoka Chuoni na pele zinazowasha usiku, viganjani na kiunoni. Anasema chumba chao walipakwa dawa mara 2, zikarudi. Dawa zilikuwa mbovu? (Chake Chake)

Mara nyingi dawa ni nzima na upakaji ndio mbovu. Huu ni upele wa kimelea anayechimba ngozini, na kwenye vyumba vya kulala pamoja ndio unaoshinda watu kuliko korona, ingawa hakuna gazeti linaloutangaza.

Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anakaa wiki 2 hadi 6 bila kuwashwa, naye anaambukiza. Kwa hiyo ukiwapaka wenye kujikuna tu, umewaacha wengi wenye vimelea. Chumba kizima kipakwe siku moja, mwenye pele na asiye na pele, pamoja na askari wa chumba na jamaa aliyelala na aliyetoka. Krimu ya pemetrini ya asilimia 5 inataka kiasi cha gramu 30 kwa mtu mzima mmoja, mara 2 kwa kuachana siku 7. Chumba cha watu 60 ni tyubu 120 za gramu 30. Zikiletwa 40, bora zingojewe nyingine kuliko kuwapaka 40 wakalala na 20.

Hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo: katikati ya vidole, chini ya kucha zilizokatwa, kitovuni, makalioni, sehemu za siri. Ikae saa 8 hadi 14. Hapa kuna jambo ambalo karatasi ya dawa haikusema: udhu. Anayepakwa asubuhi ataosha mikono na miguu kwa Adhuhuri, kwa Alasiri, kwa Magharibi, na viganja ndiyo makao makuu ya kimelea. Apakwe baada ya Isha, saa 2 usiku, akoge saa 11 alfajiri. Hizo ni saa 9, zinatosha. Akiamka kwenda chooni na kutumia maji, arudie mikono. Ikiwa dawa ni ile ya majimaji meupe ya benzili benzoeti ya asilimia 25, hupakwa usiku 2 mfululizo, na inachoma kidogo penye vidonda.

Nguo, shuka na taulo za siku 3 zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa siku ile ile ya kupaka. Wakati wa masika ambapo hakuna jua, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga kinywa, uache saa 72. Kimelea akikosa ngozi ya mtu hufa kwa siku 2 au 3.

Kisha mdogo wako asishtuke akiendelea kuwashwa. Hata dawa ikifanya kazi, mwasho hubaki wiki 2 hadi 4, kwa kuwa mabaki yangali ngozini. Watu hudhani umerudi wakajipaka kila siku hadi ngozi ikababuka. Kipya ndicho cha kutazama: vipele vipya baada ya wiki 4 ni maambukizo mapya, au upakaji haukufaulu. Na chumba kikirudiwa mara 3, mtafuteni mtu mwenye magamba manene mikononi au kichwani ambaye wala hajikuni sana, kwa kawaida mzee au mwenye kinga dhaifu. Mwenye upele wa kawaida ana vimelea 10 hadi 15 mwilini. Yeye anaweza kuwa na maelfu kwa maelfu, na huyo anahitaji vidonge vya ivamektini chini ya daktari.

Kipindupindu kikiingia, je, si ndiyo basi tena? (Michenzani)

La, hiki ndicho chepesi kukizuia, kwa sababu hakipiti hewani. Kinapita kwenye maji, mikono na choo. Maji ya kunywa yatiwe klorini na nusu saa baadaye kipimo kionyeshe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Kwa sakafu na ndoo za kinyesi changanya Jik ya asilimia 3.5 kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Kwa mikono kiasi cha mililita 285 kwenye ndoo ya lita 20. Changanya kila asubuhi na uweke kivulini, jua huiua nguvu. Kosa linalorudiwa ni kuweka ndoo moja ya maji na kopo moja la kuchotea: mkono mmoja mchafu, chumba kizima. Ndoo iwe na bomba. Anayeharisha maji kama ya mchele aanze kunywa ORS hapo hapo, pakiti moja kwa lita moja, wakati gari la hospitali linatafutwa.

Kwa nini mtu anaumwa na anaficha? Aliye ndani ananiambia wenzake wanameza kikohozi mbele ya daktari. (Msomaji, Mkoani)

Kwa sababu anajua atakapopelekwa. Ikiwa chumba cha wagonjwa ndicho kile kile cha adhabu, bila redio, bila simu, bila uwanja, mwenye akili atameza kikohozi. Kanuni za Umoja wa Mataifa ziitwazo Kanuni za Mandela, zilizorekebishwa mwaka 2015, zinahesabu kumfungia mtu peke yake saa 22 au zaidi kwa siku bila kukutana na watu kuwa ni kifungo cha upweke, na zinakataza kisizidi siku 15 mfululizo. Kutenga kwa ajili ya tiba ni kitu kingine na lazima kionekane kuwa kingine: chakula kile kile au bora, simu ya nyumbani, saa ya nje, daktari kila siku, na tarehe ya kutoka aambiwe siku anayoingia. Nafasi yake chumbani na kazi yake jikoni asizikute zimechukuliwa.

Visiwa vyetu vina mazoea ya zamani ya kuchanganya mambo haya mawili. Jengo la kisiwani Changuu, kinachoitwa hadi leo Kisiwa cha Jela, lilijengwa miaka ya 1890 liwe jela, likaishia kuwa karantini.

Kaka yangu yuko mwezi wa 3 wa dawa za kifua kikuu, na tunatumai msamaha wa Mapinduzi Januari. Akitoka afanye nini? (Konde)

Dawa ni miezi 6: 2 ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, 4 ya mwisho dawa mbili. Aliye mwezi wa 3 na anameza sawasawa kwa kawaida haambukizi tena, basi msimtenge na sahani yake. Hatari iko kwenye wiki ya kutoka. Furaha, pilau, safari ya boti, dawa zimebaki Unguja. Kabla ya Januari mwambieni aombe kadi yake ya matibabu na barua ya kwenda kituo cha afya kilicho karibu nanyi, na dawa za wiki 2 mkononi. Msamaha hutangazwa na watu hutoka upesi, wala hakuna atakayerudi ndani kumtafutia kadi. Dawa hizi hutolewa bure, hivyo akidaiwa pesa aulize tena kwa mganga mkuu wa wilaya. Na mkojo wake ukiwa na rangi ya chungwa mama asilie, si damu, ni rifampisini, moja ya dawa hizo.